Gari la Zamani Likichemsha, Tusiusingizie Umri

Peugeot 404 ilishinda Mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Dereva aliyeishindia 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Tanzania. Ikaja 504, nayo ikatwaa ushindi wa 1975 na 1978. Hayakuwa mashindano ya kwenye lami. Mwaka 1963 na 1968 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na miaka yote miwili 404 ndiyo iliyotangulia. Gari lililokimbizwa namna hiyo kwenye matope, vumbi na milima ya Afrika Mashariki haliwezi kuwa lilizaliwa na mfumo dhaifu wa kupoza injini.

Hata hivyo, mwenye 404 au 504 leo akipanda Kitonga kwenda Iringa, au akitoka Mai Mahiu kupanda kuelekea Limuru, akauona mshale wa geji unakimbilia kwenye wekundu, ataambiwa na kila mtu neno lile lile: gari zee, lazima ichemshe. Basi anazoea kutembea na madumu ya maji kwenye buti na kuegesha njiani mara mbili tatu, akiamini hiyo ndiyo kodi ya kumiliki gari la zamani.

Imani hiyo imeua injini nyingi nzuri. Gari la zamani halichemshi kwa sababu ya umri. Linachemsha kwa sababu ya maji lililonyweshwa, vifaa vilivyong'olewa na matengenezo ya haraka haraka yaliyorundikana kwa miaka 30 au 40. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kuurudisha mfumo ulivyotoka kiwandani. Kuubadilisha ni jambo la kufikiria baadaye, tena kwa sababu inayoelezeka.

Joto linakwenda wapi

Katika petroli inayoungua ndani ya injini, sehemu ndogo tu ya nguvu ndiyo inayosukuma gari. Takriban theluthi hutoka na moshi, na karibu theluthi nyingine huingia kwenye kuta za silinda na silinda hedi. Hiyo ya mwisho ndiyo mzigo wa mfumo wa kupoza: pampu inasukuma maji yazunguke injini, maji yanabeba joto hadi kwenye rejeta, na hewa inayopita kwenye mapezi ya rejeta inalichukua. Mnyororo huu ukikatika popote, joto linabaki kwenye injini.

Jambo la pili ni presha. Maji ya Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100, lakini Nairobi, iliyo juu kwa zaidi ya mita 1,600, huchemka kwenye nyuzi takriban 95. Mfuniko wa rejeta upo kwa ajili hiyo. Springi yake inayabana maji, na kila paundi moja ya presha kwa inchi ya mraba inasogeza kiwango cha kuchemka juu kwa nyuzi moja na nusu hivi. Mfuniko wa paundi 7 unampa mtu wa pwani nafasi ya nyuzi 11 zaidi. Mfuniko uliolegea mpira wake unamnyang'anya nafasi yote hiyo, na mtu wa milimani ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa alianza na kidogo na hewa yake ni nyepesi, haibebi joto vizuri. Kwa bei, mfuniko ni miongoni mwa vifaa rahisi kabisa kwenye mfumo mzima, na bado ndio unaosahauliwa kuliko vyote. Tena wengi hununua wowote unaoenea mdomoni, bila kusoma presha iliyoandikwa juu yake.

Kutokana na presha hiyo linakuja onyo ambalo halichoki kurudiwa: mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Maji yaliyotulia kwenye nyuzi 105 hulipuka kuwa mvuke mara tu presha inapotoka, na mafundi wengi wana makovu ya kifuani na mikononi kwa sababu hiyo.

Ubaya wa maji matupu

Hapa ndipo penye mzizi wa tatizo kwetu. Kulanti iliingia katika masoko ya dunia kwa sifa ya kuzuia maji yasigande wakati wa baridi kali. Sisi hatuna theluji barabarani, kwa hiyo tuliona hatuihitaji, na magari yetu yakanyweshwa maji ya bomba, ya kisima, hata ya mtoni. Lakini kuzuia kuganda ni nusu tu ya kazi ya kulanti. Nusu ya pili ni kuzuia kutu, na hiyo inahitajika Tanga na Mombasa kuliko inavyohitajika Paris.

Tuitazame injini ya 504. Bloku ni ya chuma, silinda hedi ni ya alumini, na rejeta ni ya shaba iliyounganishwa kwa risasi. Metali tofauti zikikaa pamoja ndani ya maji yenye chumvi zinakuwa betri: umeme mdogo unapita kati yake, na metali iliyo dhaifu zaidi ndiyo inayoliwa. Katika injini hii inayoliwa ni alumini. Fundi akifungua hedi ya gari lililotembelea maji ya kisima miaka mingi, hukuta kingo za matundu ya maji zimemomonyoka hadi karibu na mahali gasketi inapokalia. Gasketi mpya hapo haitakuwa na pa kushika, na itapasuka tena baada ya muda mfupi. Mwenye gari atasema fundi ni mbovu au gasketi ni feki, kumbe kosa lilianzia kwenye dumu la maji.

Maji magumu ya visima yana madhara mengine. Chokaa iliyomo hujitenga pale penye joto kali na kujenga ukoko juu ya kuta za silinda. Ukoko haupitishi joto vizuri, kwa hiyo geji inaweza kuonyesha maji yako sawa wakati chuma cha ndani kinaungua. Maji ya visima vya pwani, yenye ladha ya chumvi, ni hatari mara mbili, kwa kuwa chumvi huharakisha kutu.

Dawa yake haina ugumu. Yatumike maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, au maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi, yakichanganywa nusu kwa nusu na kulanti. Mchanganyiko huo huchemka kwenye nyuzi takriban 107 hata bila presha. Kwa magari yenye rejeta ya shaba na risasi, kulanti ya mtindo wa zamani, ambayo kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, ndiyo chaguo salama. Aina za kisasa za muda mrefu zilitengenezwa kwa kuzingatia injini na rejeta za alumini, na baadhi yake hazielewani na risasi. Rangi isiwe kigezo, maana kila kampuni hupaka yake. Kisomwe kilichoandikwa kwenye galoni. Na galoni liwekwe mbali na watoto na wanyama: kulanti ya kawaida ni tamu mdomoni, na ni sumu inayoua figo.

Thamostati iliyong'olewa

Ukifungua magari kumi ya zamani yaliyopita gereji za mitaani, usishangae ukikuta mengi hayana thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta. Maelezo ya fundi ni kwamba nchi yetu ni ya joto, kwa hiyo kifaa hicho ni cha Wazungu. Maelezo hayo yanavutia, lakini hayashiki. Injini haijali kama nje kuna nyuzi 30 au 5. Inachotaka ni maji yake yakae kwenye joto lililopangwa, na kwa injini nyingi za wakati ule ni nyuzi 80 na kitu. Ikitembea baridi, petroli haigeuki kuwa hewa vizuri, inateremka kwenye kuta za silinda na kuosha oili, na unyevunyevu haukauki ndani ya oili. Silinda na ringi zinalika mapema, na petroli inaliwa zaidi.

Tena kung'oa thamostati hakuondoi kuchemsha. Thamostati nzima ikifikia joto lake hufunguka, na gari linapochemsha mlimani huwa imeshafunguka yote. Kuitoa wakati huo hakuongezi cha maana. Kwenye injini zenye njia ya mkato inayozibwa na thamostati yenyewe, zikiwamo nyingi za Toyota, kuitoa kunazidisha tatizo, kwa sababu sehemu ya maji ya moto inarudi moja kwa moja kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Kuna njia ya kuijua thamostati mbovu bila kubahatisha. Ifunge kwa uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto bila kugusa chini, na uweke jikoni. Nzima itaanza kufunguka karibu na nyuzi zilizochapwa kwenye mwili wake, na itajifunga maji yakipoa. Isiyofanya hivyo itupwe, na ipatikane mpya ya nyuzi zile zile.

Rejeta ya shaba na fundi wake

Rejeta za zamani zina sifa ambayo za kisasa hazina: zinafunguka. Shaba hupitisha joto vizuri kuliko alumini, na inashika lehemu. Rejeta nyingi za leo zina matangi ya plastiki yaliyobanwa kwenye kifua cha alumini, na plastiki ikipasuka ni kununua nyingine. Rejeta ya shaba inaweza kutengenezwa mara nyingi, mradi kifua hakijaoza.

Fundi wa rejeta anayeijua kazi yake huanza kwa kuziba midomo, kuijaza upepo na kuizamisha kwenye pipa la maji. Mapovu yanamwonyesha kila tundu. Kisha anatoa tangi la juu kwa moto, na hapo ukweli wote unaonekana. Vibomba vya kifua vimejipanga kwa mstari, vingine viko wazi, vingine vimejaa tope jekundu la kutu hadi mdomoni. Anachukua ubapa mwembamba wa chuma na kuupitisha kwenye kibomba kimoja kimoja, polepole, kwa kuwa ukuta wa kibomba ni mwembamba na mkono mzito unautoboa. Anaosha, anarudisha tangi, analehemu, anapima tena kwenye pipa. Ni kazi ya saa nyingi, na ndiyo inayoponya. Kumimina dawa ya kusafishia kupitia mdomoni hakufungui kibomba kilichoziba kabisa, kwa sababu dawa inapita pale palipo wazi tayari.

Kinyume cha kazi hiyo ni dawa za kuziba, pamoja na ute wa yai ambao bado unamiminwa barabarani. Kwa dharura ya kumfikisha mtu nyumbani, zinasamehewa. Zikiachwa humo, zinaziba tundu moja linalovuja na vibomba vingi visivyovuja. Kuna pia desturi ya kubana au kulehemu vibomba vinavyovuja ili visipitishe maji. Kila kinachozibwa kinapunguza uwezo wa rejeta, na baada ya ziara tatu nne kwa fundi wa namna hiyo, mwenye gari anabaki na umbo la rejeta bila kazi yake.

Neno moja kwa ajili ya mafundi wenyewe. Lehemu ya rejeta ina risasi, na moshi na vumbi lake ni sumu inayojikusanya mwilini kidogo kidogo, ikaathiri mishipa ya fahamu, damu na figo. Watoto wanaocheza karibu na meza ya kazi huathirika kwa haraka zaidi. Kazi hii ifanyike penye upepo, mikono ioshwe kabla ya kula, na nguo za kazi zisiende nyumbani. Tukitaka ufundi huu uendelee, tuwalinde walio nao.

Hewa, mkanda na feni

Maji yakiwa safi na rejeta ikiwa wazi, bado hewa lazima ipite. Matope, majani na wadudu hunasa kati ya mapezi, na njia sahihi ya kuyaosha ni kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Kile kizingo cha bati au plastiki kinachoizunguka feni, ambacho mafundi hukitupa ili wapate nafasi ya mikono, ndicho kinachoilazimisha feni kuvuta hewa kupitia rejeta badala ya pembeni. Kama gari lilitoka kiwandani nacho, kirudishwe.

Peugeot walikuwa na ufumbuzi wao. Kwenye 404 na 504 feni haikufungwa moja kwa moja kwenye pampu ya maji. Ilizunguka huru hadi maji yapate moto. Hapo ndipo swichi ya joto ilipopeleka umeme kwenye sumaku, na sumaku ikaibana feni izunguke na puli. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo wa barabarani unatosha, na injini haipotezi nguvu kuzungusha feni. Leo sumaku hizo nyingi zimekufa kwa sababu ndogo: waya umekatika, kaboni imelika, swichi imeoza, au pengo kati ya sumaku na sahani yake limepanuka. Wengine huifunga feni kwa boliti izunguke muda wote, na gari linapona kwa namna fulani, ila kwa kelele, petroli na mzigo zaidi. Kutengeneza kile kilichopo kunahitaji kipima umeme na uvumilivu kidogo tu.

Feni pia ndiyo inayosaidia kusoma ugonjwa. Gari likichemsha kwenye foleni na kutulia barabara kuu, itazamwe feni. Likitulia kwenye foleni na kuchemsha mlimani au kwa mwendo mkali, mtiririko wa maji ndio wenye walakini: rejeta iliyoziba, pampu iliyolika mapanga, mkanda unaoteleza, au mpira wa chini wa rejeta unaojikunja ndani kwa mvuto wa pampu. Likipandisha joto dakika chache baada ya kuwaka na kutoa mapovu mfululizo mdomoni, gasketi ya silinda hedi inashukiwa kabla ya yote.

Likifika kwenye hedi

Kwa injini ya 404 na 504, hatua ya kufungua hedi ina hatari yake ya pekee. Slivu za silinda hazikuchimbwa kwenye bloku. Zimesimama ndani ya maji, zikikalia sili chini. Hedi ikishatolewa, zinashikiliwa na uzito wa slivu zenyewe tu. Fundi asiyejua akizungusha krenki ili asafishe pistoni, slivu zinanyanyuka, sili zinaharibika, na injini ikiwashwa maji yanashuka kwenye oili. Kazi iliyokuwa ya gasketi inageuka kuwa ya injini nzima. Slivu lazima zibanwe kwa vibanio mara hedi inapotoka, na urefu unaojitokeza juu ya bloku upimwe kabla ya kufunga. Tope lililojikusanya chini yake nalo lisafishwe, kwa kuwa kumwaga maji ya rejeta peke yake hakuligusi. Bloku ina koki yake ya kumwagia, na mara nyingi imeziba kiasi cha kuhitaji waya.

Hedi ya alumini iliyochemsha sana hupinda. Ipimwe kwa rula ya chuma na geji nyembamba kabla ya kupelekwa kuchongwa, na isichongwe kwa mazoea, maana kila inapochongwa inapungua na hairudi. Maji ya baridi yasimiminwe kamwe kwenye injini ya moto. Hedi inaweza kupasuka hapo hapo.

Kuna pia joto linaloletwa na mambo yaliyo nje kabisa ya rejeta. Taimingi iliyochelewa, kabureta inayotoa petroli pungufu, breki zinazoshika, vyote vinapandisha mshale. Na mshale wenyewe unadanganya: kihisi chake kinapaswa kuzama kwenye maji, na maji yakiisha kinabaki kwenye mvuke. Mshale ukianguka ghafla mlimani, simama. Huenda maji yameisha.

Asili au maboresho

Wapo wanaosema dawa ya kudumu ni feni ya umeme na rejeta nene ya alumini. Hawana kosa kila mara. Foleni za Dar es Salaam na Nairobi za leo hazikuwapo wakati magari haya yanachorwa, na feni ya umeme husaidia gari lililosimama. Lakini feni hiyo inakula ampea nyingi, na gari lenye dainamo likiwa taratibu halina umeme wa kuilisha. Rejeta mpya nayo ikifungwa kwenye injini yenye tope itaziba kama ile ya kwanza.

Wengine huitaja Volkswagen ya mgongo wa kobe, iliyoshinda Safari 1954, 1957 na 1962 bila tone la maji, kama uthibitisho kwamba maji ndiyo ugonjwa. Nayo ina mabati ya kuongoza hewa, feni, kipozea oili na thamostati yake, na mafundi huvitupa vile vile, kisha injini ikaungua vile vile. Dosari ni ya mikono yetu.

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria lililoanzishwa 1966, linahimiza mabadiliko ya lazima yafanywe kwa namna inayoweza kurudishwa nyuma. Ni kanuni inayomfaa hata mwenye pikapu ya 504 ya kubebea mboga. Usikate bati, usitupe kifaa cha asili, na usibadilishe kitu kabla hujajua kilichopo kimeshindwa wapi. Kwa mpangilio huo gharama nazo hubaki chini: mfuniko, mipira na mkanda kwanza; kisha kuosha bloku na rejeta, thamostati nzima, feni inayofanya kazi, na kulanti kwa maji safi. Ujazaji uwe wa polepole, koki ya hita ikiwa wazi na hewa ikitolewa kwenye skrubu zake. Magari mengi yanayoitwa mabovu huponea hapo, kabla pesa ya rejeta mpya haijatoka mfukoni.

Kinachopungua haraka kuliko spea ni watu wanaojua kufungua rejeta ya shaba na kubana slivu kabla ya kugusa krenki. Wengi wao ni wazee, na walijifunza kwa kusimama kando ya fundi mwingine. Vyuo vya ufundi viwaalike wafundishe, na wenye magari ya zamani wawalipe bei ya kazi kamili, wakatae ya kuziba tundu. Kila gari linalotengenezwa hivyo likapanda Kitonga bila dumu la maji kwenye buti linatosha kuwa hoja dhidi ya wanaolisingizia uzee.